Prosesa Mbili na Mkanda wa Sabra

Kibiti, masika ya 2002

3 Machi

Masika imeingia. Bati la banda limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya kazi. Nimesogeza monita, nimetega beseni. Mke wangu, Mama Aika, amenikumbusha kwamba alinikumbusha tangu Desemba. Ni kweli.

7 Machi

Leo amekuja mama mmoja kutoka visiwani, amelowa mpaka ndani ya ushungi. Alivuka kwa boti hadi Nyamisati, kisha akadandia lori la boriti mpaka hapa. Anaitwa Bi Sikudhani. Sikumkumbuka hata kidogo mpaka alipotaja harusi ya binti yake, Sabra, niliyoirekodi huko kwao mwaka tisini na sita. Ilikuwa miongoni mwa kazi zangu za mwanzo. Serikali ilikuwa ndiyo kwanza imetuambia sisi wa gari lake la kuonyesha sinema vijijini kwamba hatuhitajiki tena, nami nikanunua kamera kwa kiinua mgongo, wakati wenzangu wenye akili walinunua mashamba.

Sabra alifariki mwaka uliofuata, kwa uzazi, boti ikiwa bado haijafika bara. Hakuacha picha yoyote, hata ile ndogo ya kitambulisho. Kilichobaki ni mkanda wangu. Waliutazama mara mbili kwa jirani mwenye video, jirani akahamia Mbagala, mkanda ukakaa sandukuni miaka yote hii. Nimeufungua kifuniko nikaona ukungu mweupe umetanda kingoni mwa utepe kama unga.

Nimemwuliza anataka nini hasa, kopi nzima au sehemu tu. Akasema ana shida moja. Sabra alikuwa na kishimo shavuni akicheka, upande mmoja tu.

"Mie nasema kulia," akasema. "Dada'angu anasema kushoto, na yule ndiye mkubwa wetu, akisema neno watu husikiliza. Sasa kila nikimwona Sabra moyoni, kile kishimo kinahama."

Nimemweleza hali ilivyo. Mkanda wenye ukungu ukichezwa, uchafu unaziba kichwa cha video na utepe unakwanguka. Labda utapita mara moja, mara ya pili hautapita. Kwa hiyo mara hiyo moja lazima kila kitu kinaswe kwenye kompyuta, picha zote, bila kuruka hata moja, na kompyuta niliyo nayo haina nguvu hiyo, inaruka. Nikamwambia nitaunda nyingine, yenye nguvu kweli, arudi baada ya Pasaka.

Nilitaka auache mkanda hapa. Akakataa kwa adabu, akaufunga kwenye kanga na kuurudisha kifuani. Alisema akiuacha hatalala. Nimemwona msumbufu, mtu anayetaka dawa lakini mgonjwa wake hataki alazwe. Nikamwambia basi auweke pakavu, maana adui wa mkanda ni unyevu.

8 Machi

Mke wangu ni muuguzi wa zahanati, na kwa hiyo ana maoni juu ya kila kitu kinachoumwa. Asubuhi ameniuliza kwa nini nisiazime video ya pili kwa Joachim, Mchaga mwenzangu mwenye baa na ukumbi wa filamu ng'ambo ya barabara. Ana video mbili pale. Unaunganisha waya, huu unacheza, ule unarekodi, jioni moja kazi imekwisha.

Nikamwambia kopi ya kopi inatoka na ukungu wa aina nyingine, rangi zinamwagika, uso unakuwa kama umepakwa uji. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sitoi kazi ya hivyo.

"Yule mama haombi picha nzuri, Baba Aika," akasema. "Anaomba shavu."

Nikamjibu kila mtu na kazi yake.

14 Machi

Nimetoka Dar. Nimechoka lakini moyo umejaa, sijui niandike nini kwanza.

Seleman ana duka Kariakoo, kibanda tu, anauza matumbo ya kompyuta za maofisi. Tangu mabenki na mashirika yaanze kuuzwa, wenye mali wapya wakiingia wanatupa kila walichokikuta, na Seleman yupo nyuma mlangoni na mkokoteni. Safari hii amepata prosesa, ndio ubongo wa kompyuta, tena za seva, yaani ile kompyuta kubwa moja inayohudumia ofisi nzima. Anaziuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu kompyuta za nyumbani hazina mahali pa kuzichomeka. Lakini mazabodi yake, ubao wa kuzichomekea, anayo pia, pana kama sinia, ina nafasi ya prosesa mbili bega kwa bega.

"Gaspa, benki nzima itakuwa sebuleni kwako," akaniambia.

Nimechukua prosesa mbili. Seleman anazijua kazi zangu, akanipa na diski na memori za kutosha. Nilikuwa kama kijana aliyekubaliwa posa. Tangu gari la sinema liondoke sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu mwingine njia hii nzima hana. Basi lilikwama kwenye tope, abiria wote wakashuka kusukuma, mimi nikabaki ndani nimepakata mazabodi. Watu wamenitazama vibaya mpaka Kibiti.

15 Machi

Mvua. Beseni la pili.

19 Machi

Mazabodi haiingii kwenye keisi yoyote ya kawaida. Nimekwenda kwa Mfaume seremala. Nimemchorea sanduku la mninga, ubavu mmoja wavu mwembamba upitishe hewa. Amegeuza mchoro juu chini, akaniuliza nataka rafu ngapi za vyombo. Anadhani ni kabati la chakula. Nikamwambia halina rafu. Akasema basi sufuria zitakaa wapi.

24 Machi

Imewaka. Joachim alinivutia waya kutoka kwenye jenereta yake, nikabonyeza, taa ya kijani ikawaka ndani ya wavu, nikapiga makofi peke yangu.

Furaha haikuchelewa kukatwa. Mashine inaona prosesa moja tu. Kwa macho ni mapacha, ila hazikutoka toleo moja, na mazabodi haikubali ndoa hiyo. Nimebadilisha nafasi zao, nimefuta miguu yao kwa spiriti ya Mama Aika, hakuna. Nitampigia Seleman anitafutie pacha wa kweli.

Nimejaribu hivyo hivyo na moja. Nimeweka mkanda wa harusi moja ya kijiji cha Nyamwage. Umeingia vizuri, picha chache tu zimeruka, hasa walipokuwa wakicheza. Mama Aika alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Basi inatosha, mwite." Nikasema bado. Itakuwaje ikiruka palepale anapocheka? Nimpe mama wa watu mkanda wenye mapengo? Akaondoka kwenda jikoni, na nikajua ameniona mpumbavu.

25 Machi

Mvua.

26 Machi

Mvua. Joachim hana dizeli.

31 Machi

Pasaka. Tumekula kwa Joachim. Ameniuliza mbele ya wageni kabati langu litapika lini. Wamecheka wote. Nami nimecheka, kwa meno.

4 Aprili

Amekuja kama nilivyomwambia, baada ya Pasaka. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimemkuta ameketi barazani na fungu la kamba wakavu kwenye jani, zawadi, anamsikiliza Mama Aika akimweleza habari za presha. Nimemsalimu shikamoo, nikamwonyesha mashine. Aliinama akaitazama ndani kupitia wavu kwa heshima, kama mtu anayechungulia mtoto mchanga.

Nikamwambia bado. Nasubiri prosesa ya pili. Hakulalamika, na afadhali angelalamika. Alisema sasa mpunga umeshika, anahamia dunguni kulinda, hatatoka huko mpaka karibu na mavuno, maana nguruwe hawana likizo. Nami nimefika madungu yale, vibanda juu ya nguzo katikati ya maji, nikawaza mkanda utaoza huko kabla ya mwezi kwisha. Mama Aika alikuwa ameshaingia ndani kuvaa sare aende kazini. Nikamwomba tena auache. Akakataa tena. Basi nikaanza kumhubiria: pakavu, mama, pakavu kabisa, hata mvuke usiufikie.

"Kama mbegu?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Kama mbegu hasa. Ufanye kama mbegu."

Akafurahi. Alisema hilo analiweza, hajawahi kupoteza mbegu tangu aolewe. Amekwenda zake, na kwa mara ya kwanza nimemwona si msumbufu. Ni mtu anayeelewa maagizo.

11 Aprili

Seleman hajapata pacha.

17 Aprili

Seleman amepata pacha. Barabara imekatika, hakuna gari kutoka Dar.

18 Aprili

Hakuna gari.

20 Aprili

Hakuna gari. Malori ya Lindi yamepanga foleni toka hapa, madereva wananunua maandazi yote, Mama Aika amerudi mikono mitupu. Watu wanasema daraja la mto likiisha, na lami ikija, haya yatakuwa hadithi. Nimeyasikia hayo tangu nilipohamia hapa, nikiwa bado na nywele.

29 Aprili

Prosesa imefika imefungwa kwenye gazeti, imekaa na dagaa wa mtu. Miguu kadhaa imepinda. Nimeinyoosha kwa sindano ya kushonea, mmoja mmoja, bila kupumua. Mama Aika alinishikia tochi. Alikuwa mpole leo. Aliniambia Bi Sikudhani alimsimulia siku ile kuhusu Sabra, jinsi alivyokuwa akiimba anapotwanga na kusahau maneno katikati, akawa anajazia majina ya majirani. Sikujua. Kwenye mkanda wangu hakuna hilo.

2 Mei

Zinaonekana mbili. Nimeandika hivyo ukutani kwa chaki, Mama Aika amefuta.

Ila joto. Kwenye seva yao prosesa hizi hazikuwa na feni zake. Upepo ulivuma sanduku zima toka mbele, na chumba cha benki kina kiyoyozi. Hapa Kibiti, chini ya bati, zinachemka. Mashine inafanya kazi kidogo, inajizima. Dawa ya kupaka kati ya prosesa na chuma cha kuipoozea sina, nimepaka dawa ya meno, maana Seleman alisema inasaidia. Imesaidia mpaka ilipokauka. Banda linanuka kinywa kisafi.

6 Mei

Nimefungua pawasaplai mbovu kadhaa, vile visanduku vya kulisha mashine umeme, nimetoa feni zake, nimezifunga kwenye wavu wa Mfaume. Mbili zinavuta, mbili zinasukuma. Zinavuma kama mashine ya kukoboa ikisikika kutoka kijiji cha pili. Haijajizima.

9 Mei

Joachim amewasha friji ya baa wakati mashine inafanya kazi. Umeme umeshuka ukapanda. Pawasaplai imeungua. Harufu.

Nimemtukana Joachim. Baadaye nimekwenda kumwomba radhi, akanipa soda, akasema angekuwa yeye angemwuzia yule mama kopi ya kawaida mwezi wa tatu na sasa angekuwa anafanya kazi nyingine. Soda sikuimaliza.

10 Mei

Leo amepita Mtoro, utingo wa lori la boriti, na salamu kutoka kwa Bi Sikudhani. Anauliza je, tayari? Nikamwambia amwambie bado kidogo. Nikauliza mkanda ukoje. Mtoro akasema ameagizwa hivi: mwambie fundi umekauka mpaka unalia.

Nimecheka. Nilifurahi kusikia. Naandika hili ili nisije nikasema sikuambiwa.

16 Mei

Mvua. Imepungua.

21 Mei

Pawasaplai mpya kutoka kwa Seleman, ya seva pia, nzito kama tofali. Nimeiwekea na kifaa cha kutuliza umeme. Joachim ameahidi friji haitaguswa.

27 Mei

Tayari.

Nimeweka mkanda wa Nyamwage mwanzo mpaka mwisho, vyakula, nasaha, ngoma, mpaka bwana harusi anajikwaa mkekani. Kompyuta inahesabu picha ilizopoteza. Sifuri. Nimerudia na mkanda mwingine, wa zamani zaidi. Sifuri. Nimesafisha video kuu, nimebadilisha kichwa chake, nimetengeneza kigurudumu kidogo chenye kitambaa laini cha kufuta ukungu kabla utepe haujafika kichwani. Sidhani Dar nzima kuna mtu aliyeandaa mkanda mmoja kiasi hiki.

Mama Aika alileta chai, akaketi, akatazama bwana harusi wa Nyamwage akijikwaa. Akasema, "Umefanya kazi, Baba Aika." Nimebaki na neno hilo siku nzima. Ni kweli nimefanya kazi. Nimempa Mtoro ujumbe aupeleke: njoo, mama, na mkanda wako.

1 Juni

Jua. Bado hajaja. Nimepaka banda chokaa.

5 Juni

Jua. Nimeweka kiti kizuri cha sebuleni mbele ya monita. Mama Aika anasema kiti hakimwiti mtu, lakini amekipangusa.

8 Juni

Naandika leo kwa sababu sitaki kulisimulia kwa mdomo.

Bi Sikudhani amefika asubuhi, amevaa kanga mpya, hajalowa. Joachim aliwasha jenereta mchana kwa ajili yake tu na hakutaka shukrani. Mama Aika aliomba ruhusa zahanati. Feni zilikuwa zinavuma, prosesa mbili zimeonekana, kila kitu kilikuwa kinangoja.

Akatoa mkanda kifuani. Kabla hajaufungua nilisikia harufu ya moshi. Nikafikiri ni yeye. Ameishi dunguni miezi miwili, na kila atokaye dunguni ananuka moshi.

"Hata tone," akasema. "Mvua yote ile, mwanangu, tone halijaugusa. Vile vile ulivyoniagiza."

Kasha lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na limepinda, ukiliweka mezani linayumba. Nikamwuliza, mama, uliuweka wapi.

"Na mbegu," akasema. "Kwenye uchaga, juu ya meko. Moto wangu haujazimika tangu niingie dunguni. Mchana moshi, usiku moshi. Hata fukusi hapandi pale."

Nimeketi kwenye kile kiti nilichomwekea yeye.

Mama Aika aliweka vikombe chini. Akanitazama, kisha akaangalia pembeni. Yeye amelelewa mlimani kwa bibi yake, anajua mbegu hukaa juu ya moto. Mimi nilizaliwa kwenye kota za reli pale Moshi mjini, baba dereva wa garimoshi, na mbegu nilizozijua maishani mwangu ni za pakiti, kwenye kabati la kioo la duka la pembejeo. Ndizo nilizokuwa naziona kichwani niliposema ndiyo. Kabati la kioo.

Nikafungua kasha kwa bisibisi, polepole, nikijifanya ni kawaida. Nilitaka kuhamishia utepe kwenye kasha jipya. Utepe haukuwa utepe. Tabaka zimegandana zikawa kitu kimoja, kama kipande cha sabuni. Nikachomeka kibanio, nikavuta ncha kidogo. Ikatoka, lakini ule udongo wa kahawia unaobeba picha ukabaki kwenye tabaka la chini, na mkononi nikabaki na plastiki tupu inayong'aa. Niliona kucha yangu upande wa pili.

Nilipata vipande vitatu au vinne vilivyonyooka. Nikaviunga, nikaviweka, nikabonyeza. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu mashine ilikuwa imewaka. Monita ikajaa chengachenga za kijivu, mstari mmoja ukapita, ukapotea, chenga zikarudi. Kompyuta ikaziingiza zote. Pembeni ikahesabu ilizopoteza: sifuri.

"Ndiyo harusi hiyo?" Bi Sikudhani akauliza. Alikuwa amesogeza uso karibu sana na kioo.

"Hapana, mama."

Akangoja. Mama Aika ndiye aliyeshika mkono wake na kumwambia kwamba ule mkanda unaogopa maji, lakini unaogopa moto zaidi.

"Moto," akasema Bi Sikudhani. Kisha akanigeukia. "Lakini nilikuuliza."

"Uliniuliza, mama."

"Nikasema, kama mbegu?"

"Nami nikasema ndiyo."

Nilitaka anilaani. Nilimwandalia hata maneno. Yeye alichukua ile plastiki tupu mezani, akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango, akaizungusha kidoleni. Hakulia. Mama Aika ndiye aliyelia.

Baadaye Bi Sikudhani akaniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Wewe siku ile ulimtazama kutwa, na kile chombo chako. Ulimsogelea usoni mpaka shangazi yake akakukemea. Kile kishimo, mwanangu, kilikuwa upande gani?"

Nimejaribu. Mungu anajua nimejaribu. Nakumbuka taa nyekundu ya betri ikianza kumeta alipotolewa nje. Nakumbuka dirisha nyuma yake lilikuwa na mwanga mkali na nikamlaani aliyelifungua. Nakumbuka kitambaa cheupe kinachomeremeta, na upepo unaoharibu sauti. Nakumbuka kukemewa. Uso sina. Nilipomsogelea nilikuwa natazama kama picha imetulia.

Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Kulia," nikasema.

Akavuta pumzi. "Kulia," akasema. "Nilijua."

Akaomba maji, akanywa, akafunga plastiki ile kwenye pindo la kanga. Lori lilikuwa linaondoka. Joachim aliposikia limeondoka akazima jenereta, na feni zikachukua muda mrefu kusimama.

9 Juni

Sijafanya kazi.

Mama Aika ameniuliza mara moja tu. "Ilikuwa kulia kweli?" Nikasema sijui. Hakunilaumu, akaendelea kuchambua mchicha. Niliona mikono yake inachambua taratibu, kama anaogopa kuumiza majani. Aliniambia mwezi wa tatu. Tena alinisimamia hapa nyuma, mashine ikiwa na prosesa moja, picha chache zinaruka, akasema inatosha. Wakati huo mkanda ulikuwa kwenye sanduku, una ukungu tu.

12 Juni

Seleman amepiga simu kwa Joachim kunitafuta. Amepata prosesa nyingine mbili, zenye nguvu kuliko hizi, bei ya bure. Nimemwambia asante, zilizopo zinatosha.

15 Juni

Wateja wawili wameleta mikanda. Baa ya Joachim imejaa sifa za mashine yangu, anazitangaza yeye mwenyewe kwa wanywaji. Nimefanya kazi zote mbili. Hakuna picha iliyoruka.

23 Juni

Mtoro ameshusha kwenye lori mfuko wa mchele mpya. Umetoka kwa Bi Sikudhani, wa mavuno ya kwanza, kwa ajili ya fundi na Mama Aika. Nikasema sistahili, aurudishe. Mtoro akasema yeye si posta, akauweka barazani.

Kisha akatoa ujumbe. Bi Sikudhani anasema alifika salama, akamwita dada yake, akamwambia yote. Kwamba mkanda umekufa kwa moto. Lakini fundi mwenyewe, aliyemtazama Sabra siku nzima kwa chombo, amesema ni kulia. Dada yake akasema basi, mimi ni mzee, huenda nilichanganya na mtoto mwingine. Na tangu siku hiyo hajabisha tena. Bi Sikudhani anashukuru sana. Anasema sasa akimwona Sabra moyoni, kishimo kimetulia, hakihami.

Mtoro alikuwa anatabasamu aliponiambia. Alidhani ameniletea habari njema.

Mama Aika amepika ule mchele jioni. Tumekula. Ni mtamu, una harufu ya moshi kidogo. Nimemaliza sahani yangu kwa sababu sikujua namna ya kuiacha. Na wakati wote nilikuwa namfikiria yule dada, nisiyemjua hata jina, ambaye akisema neno watu husikiliza. Alikuwa na hakika miaka yote ile. Mimi sikuwa na hakika yoyote. Labda ilikuwa kushoto, na sasa hakuna tena mtu anayesema kushoto.